Malkia Alimjibu Karani

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umewahi kumpa pole mtu ambaye hujapata kumwona, humjui sura wala sauti, na yeye hajui kama upo duniani? Mwanamke wa hadithi hii alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Aliwapa pole wafalme, wajane wa wafalme, mama zao na watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuijua sura yake.

Mumewe alikuwa fundi wa saa, mwenye kibanda cha bati ubavuni mwa posta. Mtaani lakini hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Balozi, kwa sababu tarishi alikuwa akimletea bahasha nene zenye mihuri ya mataji, na alikuwa akizipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo, kama vile mfalme mwenyewe yumo ndani. Yeye naye alimwita mkewe Karani. Jina likamganda. Mawifi wakalichukua, majirani wakalichukua, mpaka ikawa hata yeye mwenyewe akiitwa kwa jina alilopewa na mama yake anachelewa kuitika.

Balozi alikuwa anakusanya vitu vya wafalme. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha kubwa, kilikuwa cha wafalme hao. Kulikuwa na vikombe vya kutawazwa vyenye nyuso za watu wenye ndevu, makopo ya biskuti yenye picha za harusi, medali, leso moja yenye herufi za malkia fulani zilizotariziwa kwa uzi wa dhahabu, na kipande cha keki ya harusi ya mwana wa mfalme kilichokuwa kwenye kijisanduku kisichozidi kiberiti. Keki hiyo ilikuwa na miaka ishirini na sita. Wifi wa Karani, dada yake Balozi, alikuwa akija anasimama mlangoni, mkono kiunoni, anasema, "Nyumba ina wafalme kumi na wanne na mgeni hana pa kukalia." Lakini vitu hivyo vyote vilikuwa ni pambo tu. Mali yenyewe ilikuwa makabati mawili ya mbao yenye droo za kina kifupi, na ndani ya droo, barua na saini.

Sasa, saini ya mfalme haipatikani kwa kuomba. Ukiomba unaletewa picha iliyopigwa chapa. Balozi aliligundua hilo mapema. Aligundua pia kwamba ukiwapongeza kwa harusi au kwa mtoto, unajibiwa na ofisi. Ila penye msiba mambo hubadilika. Ikulu hujibu pole zote, na mara chache sana mfiwa mwenyewe anashika kalamu. Basi kila asubuhi alikuwa akisikiliza habari za redio huku ameshika kikombe cha chai hewani, kama watu wanavyosikiliza matokeo ya mpira, na akisikia kwamba mfalme wa mahali fulani amefariki, anaweka kikombe chini na kusema, "Karani, njoo na karatasi."

Aliyeandika ni Karani kwa sababu ndiye mwenye mwandiko. Shule aliishia darasa la saba, lakini herufi zake zilisimama wima, mikia yake inalingana, huwezi kukuta wino umemwagika. Mwandiko wa Balozi ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Basi yeye anasema, mkewe anaandika, halafu yeye anatia saini. Waliandika kwa lugha yao wenyewe, maana Balozi aliamini kwamba hakuna ikulu inayokosa mkalimani.

Siku tunayoisema, Karani alikuwa anafuta vumbi kwenye meza ya chumba cha mbele kwa sababu mgeni anakuja. Macho ya Balozi yalikuwa yamekwisha. La kushoto lilizimika lote, na la kulia likawa linaona kama mtu anayechungulia kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Kibanda alikifunga. Akawa anakaa kwenye kiti chake, anapapasa droo, anatoa barua asiyoiona, anairudisha. Ndipo kijana wao mkubwa, ambaye ana duka la vipuri vya baiskeli na haupendi mzunguko wa maneno, akasema, "Mzee, vitu hivi viuzwe ukiwa hai, uvieleze mwenyewe." Balozi alinung'unika siku tatu, akakubali. Kijana akatafuta mtathmini kutoka kampuni ya mnada.

Karani naye aliulizwa. "Mama, unasemaje?"

"Sawa tu," alisema.

"Kuna kitu ungependa kibaki?"

"Sawa tu, mwanangu."

Ndivyo alivyokuwa, usimshangae. Kuna ganzi ya mguu, ambayo ukiupiga chini mara mbili inaisha. Yake haikuwa ya mguu. Alipika, alifua, alicheka watu walipocheka, na yote hayo aliyafanya kama mtu aliyetumwa na mtu mwingine, anayefanya haraka ili arudi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja humo ndani ambacho hakutaka kiende. Kilikuwa kwenye droo ya tatu ya kabati la kulia: barua ya kurasa tatu yenye ukingo mweusi. Alijua akinyamaza itaondoka na mgeni. Alifuta meza, akaikung'uta ile fulana kuukuu aliyofutia, akaifuta tena.

Barua hiyo ilikuja hivi.

Walikuwa na watoto watatu. Kitinda mimba alikuwa msichana wa miaka tisa, mwenye mwanya, mwenye tabia ya kuimba akiwa chooni. Siku moja ya Jumatatu aliamka na homa na shingo imekakamaa. Jumatano hakuwepo. Asubuhi ile ya Jumatatu, kabla hajajua lolote, Karani alikuwa amefua sweta lake la shule, la kijani, lenye kiraka kwenye kiwiko, akalianika uani. Baadaye majirani walipokuja kusaidia walianua nguo zote, mashuka, mashati, taulo, ila walipolifikia sweta mikono iliwarudi. Likabaki peke yake kwenye kamba.

Jumapili, watu bado wamejaa, redio ikasema kwamba katika ufalme mmoja wa mbali mwana wa mfalme, mtoto wa miaka kumi na miwili, ameanguka kutoka mgongoni mwa farasi na kufariki. Balozi alikuwa chumba cha mbele. Hakuwa ametoka humo tangu mazishi. Chakula alipelekewa huko, uani alikuwa hapiti. Labda alikuwa anatafuta pa kuficha kichwa, nani ajuaye. Akaita, "Karani, njoo na karatasi."

Alikwenda. Hata hakushangaa. Balozi akatamka kama siku zote: Mtukufu Malkia, kwa masikitiko makubwa nimepokea habari za kuondokewa na mwanao mpendwa. Karani akaandika. Balozi akatamka mistari mingine minne ya aina hiyo, halafu akaitwa mlangoni na mgeni aliyekuja kuaga. Mkono wa Karani haukusimama. Ukaandika kwamba kuna sweta kwenye kamba. Kwamba limeshakauka siku nyingi, ila kulianua ni lazima alikunje, na akilikunja ni lazima aliweke mahali, na mahali hapajui. Kwamba usiku anasikiliza kama kunanyesha, akifikiri linaloa. Kwamba watu wanasema maneno mazuri na yeye anayaona yanavyotoka midomoni tu, hayasikii. Aliandika ukurasa wote na nyuma yake. Kisha akaiweka karatasi mezani, mbele ya kiti cha mumewe, kalamu juu yake, akaenda jikoni.

Balozi alirudi, akaketi, akatia saini chini ya ukurasa wa nyuma, akalamba bahasha. Hakusoma. Alikuwa hasomi kamwe, kwa nini asome maneno aliyoyatamka mwenyewe?

Baada ya miezi mitatu tarishi alileta bahasha. Ndani kurasa tatu za mkono wa malkia, wino wa buluu, pamoja na karatasi ya mkalimani iliyopigwa taipu. Balozi aliisoma amesimama. Malkia alisema: Umeniambia juu ya sweta. Hakuna mwingine aliyeniandikia kitu kama hicho. Mimi nimekataza buti za mwanangu zisisafishwe, zina tope la siku ile, na watu wangu wananitazama kama nimerukwa na akili. Na mwisho kabisa malkia aliuliza: Je, umelianua?

"Karani," Balozi alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa mara ya kwanza tangu msiba, "hilo la sweta umelitoa wapi? Kumbe nimeoa mtunzi. Umemtoa malkia machozi."

Karani alimtazama. Sweta lilikuwa limeshaanuliwa na wifi yake, wiki ya pili, na tangu hapo hakuuliza liliwekwa wapi.

"Chai yako inapoa," alisema.

Aliomba wamjibu malkia. Aliomba mara moja, kwa sauti ya chini. Balozi akasema mkusanyaji hajibu jibu, ikulu itawaona wasumbufu na siku nyingine haitawajali. Mambo yakaishia hapo. Tangu siku ile kila mgeni alionyeshwa ile barua, na kila mgeni alisimuliwa jinsi Karani alivyotunga sweta. Miaka kumi na tisa. Karani alileta chai, akasikia, akatoka.

Basi mtathmini akafika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alisema shikamoo, akauliza pa kunawia mikono. Kijana alikuwa amenunua glavu nyeupe, akamletea.

"Ahsante, lakini hizo ni za kwenye filamu," mtathmini alisema. "Glavu hazijui karatasi inaishia wapi, zinararua kingo. Mikono safi inatosha."

"Nilikwambia," Balozi alimwambia kijana wake, ingawa hakuwa amemwambia.

Wakaanza. Karani alitoa droo moja moja, mtathmini akaweka kila karatasi chini ya lenzi, kijana akaandika orodha. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Mara nyingine mtathmini aliguna, mara nyingine alikaa kimya, na kimya chake ndicho kilichomtia Balozi wasiwasi.

"Hii nayo ni mashine, Mzee."

"Mashine gani? Hiyo ni saini ya mfalme."

"Saini ni yake, mkono si wake. Wanaifundisha mashine saini, inatia saini barua mia kwa saa. Angalia… samahani. Sikia basi: mstari wa mtu huwa mwembamba akianza na mnene akigeuza. Huu una unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Hauna pumzi."

"Na ya baba yake?"

"Ya baba yake ni ya katibu. Kuna na nyingine tano za katibu huyohuyo. Namfahamu, nimekutana naye nyumba nyingi."

Kijana akacheka, akajikausha alipoona baba yake hacheki.

"Basi na keki ni ya mashine," Balozi alisema.

"Keki ni ya kweli," mtathmini alisema, akainusa, akafunga kijisanduku haraka. "Kweli kabisa."

"Hata sisimizi waliikataa," Karani alisema. Wote wakacheka, Balozi naye. Karani alisikia sauti yake mwenyewe imetoka, kama mtu wa chumba cha pili.

Ikafika droo ya tatu ya kabati la kulia. Karani aliishika kwa mikono miwili. Alifikiri, sasa ndipo niseme. Akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja, akabana mikono kwapani.

Mtathmini alisoma karatasi ya mkalimani kwanza. Kisha akaweka lenzi juu ya kurasa za wino wa buluu, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. Akavua miwani ikaning'inia.

"Hapa ameandika mwenyewe," alisema. "Hapa kalamu imesimama, wino umekusanyika, halafu ikaendelea. Mzee, nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Malkia huyu hajulikani kuwa aliandika chochote juu ya mtoto yule. Vitu vyako vyote ukiviweka upande mmoja na barua hii upande mwingine, hii inazidi."

Balozi aliegemea kiti, akafumba yale macho yasiyoona. "Nilijua," alisema. "Karani, si nilisema?"

"Ulisema," alisema Karani.

"Ila nahitaji kitu kimoja," mtathmini aliendelea, akitoa fomu kwenye mkoba. "Mnunuzi atataka kujua malkia alikuwa anajibu nini. Hili sweta. Nahitaji maelezo ya mwenye barua, kwa mkono, yenye saini. Bila hivyo watu watatia shaka."

"Hilo jepesi," Balozi alisema. Akakaa vizuri, akakohoa kidogo kusafisha koo, na Karani alijua neno litakalofuata kabla halijatoka. "Karani, njoo na karatasi."

Karatasi ilikuwa pale pale. Kijana akamvutia kiti, mtathmini akampa kalamu yake mwenyewe, ya wino mzuri. Karani akaketi. Mwandiko wake ulikuwa bado umesimama wima. Balozi akatamka.

"Mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba barua hii niliandikiwa mimi."

Karani aliandika *Mimi niliyetia saini hapa chini*. Aliandika *nathibitisha kwamba*. Aliandika *barua hii*.

"Ilikuwa majibu ya rambirambi zangu. Maneno ya sweta hayakuwa na ukweli wowote, yalikuwa utunzi wa mke wangu, kwa nia njema ya kumliwaza Malkia." Akangoja. Alikuwa amezoea kusikia kalamu inavyokwaruza, na sasa hakuisikia. "Nimekwenda mbio?"

"Hapana," Karani alisema.

"Umeishia wapi?"

"Kwenye barua hii."

"Niliandikiwa mimi. Endelea."

Karani alitazama mkono wake. Ulikuwa umelala juu ya karatasi kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Aliuambia uandike. Miaka yote hiyo uliandika kila ulichoambiwa, na siku moja tu uliandika usichoambiwa, na sasa ulikuwa unaambiwa ukifute kile cha siku moja. Akaweka kalamu chini, taratibu, isije ikatia doa.

"Siandiki," alisema.

"Mkono umechoka, Mama?" kijana aliuliza. "Nipe mimi, mwandiko wangu si mbaya sana."

"Mkono mzima. Sweta lilikuwepo."

Balozi aligeuza shingo upande wa sauti. "Sweta gani?"

"La mwanao. La shule. Nilikuwa nimelifua."

Mtathmini alikuwa anaikunja fomu yake bila kuitazama. Kijana ndiye aliyeanza, na sauti yake ya dukani ilikuwa imemtoka.

"La kijani," alisema. "Lenye kiraka hapa." Akagusa kiwiko. "Lilikaa kwenye kamba mpaka shangazi akalianua. Mzee, hukuliona?"

Balozi aliinua mkono kama anayetaka kupangusa kitu mbele ya uso. Ukabaki hewani. Aliwaonyesha wageni wangapi barua ile? Aliwachekesha wangapi? Karani alimwona anavyohesabu, na hakuona uchungu wala furaha. Aliona mzee mmoja kwenye kiti, vidole vyake vyembamba vya ufundi wa saa vinapapasa ukingo wa meza.

"Barua hii haiendi mnadani," Karani alimwambia mtathmini. "Nyingine zote chukua, na vikombe, na keki. Hii niliandikiwa mimi."

"Ndiyo, Mama," mtathmini alisema. Akazilinganisha zile kurasa tatu, akazirudisha kwenye jalada lake pamoja na karatasi ya mkalimani, akamsogezea.

Karani aliziweka mapajani. Zilikuwa nyepesi.

"Kwa nini hukuniambia?" Balozi aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Miaka yote hii. Ungeniambia siku moja tu."

"Nilikuambia," Karani alisema. "Nilikuwekea mezani, kalamu juu yake. Nikaenda jikoni nikasimama, hata jiko sikuwasha, nasikiliza kama utaniita." Kisha akalitoa neno alilolibana miaka kumi na tisa, polepole, kila herufi imesimama wima. "Nilitaka uisome kabla ya kutia saini."